Jicho la Mwalimu Ishengoma

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ingawa nyingi zilizoitangulia na zilizoifuata nimezisahau. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, kwetu Ijumbi, na nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nyumbani kwa Mwalimu Ishengoma nikimsomea gazeti. Nilimaliza habari moja, nikageuza ukurasa, na kabla sijaanza nyingine akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nilidhani amesikia kilio kwa majirani. Nikatega sikio, sikusikia kitu.

"Katika habari uliyoisoma sasa hivi," akasema. "Kuna mtu amekufa humo. Ni nani?"

Nikarudi nyuma kwenye ukurasa. Macho yangu yaliona maneno yale yale niliyoyatamka kwa sauti muda mfupi uliopita, lakini nilikuwa kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Nikaanza kutafuta jina. Mwalimu akanyoosha mkono hewani, akanizuia.

"Usitafute. Umeshasoma. Niambie kilichobaki kichwani."

Hakikubaki kitu.

"Umepita kwenye nyumba ya msiba ukikimbia, Kemilembe," akasema taratibu. "Hukumpa mtu pole. Hukujua hata kwamba kuna msiba."

Lazima nikueleze mzee huyu alikuwa nani, maana wewe hukumkuta. Mwalimu Ishengoma alimfundisha baba yangu, akawafundisha baba zangu wadogo, na mimi nilipoanza shule alikuwa amekwisha kustaafu, analima kibanja chake cha migomba na kahawa juu kidogo ya kwetu. Jicho lake la kushoto liliharibika zamani, alipochomwa na kijiti akipogoa mibuni. La kulia likaja kuingiwa na mtoto wa jicho, likafifia pole pole mpaka akawa anamtambua mtu kwa sauti tu. Alikuwa mtu wa kusoma maisha yake yote. Mkewe, Ma Skolastika, hakujua kusoma. Mtoto wao aliyebaki karibu, Deogratias, alikuwa na kazi ya ofisini Bukoba mjini na alikuja mara chache. Kwa hiyo Ma Skolastika alikuja kwetu kumwomba mama anitoe baada ya shule niende kumsomea mzee magazeti aliyoletewa na mwanawe, na vitabu vyake mwenyewe vilivyokuwa vimepangwa ndani ya sanduku la bati.

Walinichagua mimi kwa sababu nilisifiwa. Darasani nilisoma haraka kuliko wote. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akinisimamisha mbele nisome, nami nasoma bila kukwama, bila kupumua, wenzangu wananishangaa. Nyumbani tulizungumza Kihaya kitupu, kama nyumba zote pale kijijini. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya ibada, na ukiweza kukitamka bila kigugumizi, basi umekwisha kuwa msomi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilichosoma kinahusu nini.

Siku ile niliondoka kwa Mwalimu nimevimba kwa hasira. Nilimkuta mama anamenya ndizi jikoni, nikamsimulia yote: jinsi nilivyosoma vizuri, na jinsi mzee alivyonifedhehesha. Mama alinisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza, "Sasa aliyekufa alikuwa nani?"

Nikasema sijui.

"Si ungeangalia kabla ya kuondoka, bojo," akasema kwa upole, akatia ndizi chunguni.

Usiku huo sikumchukia mama wala Mwalimu. Kilichonisumbua ni hilo jina. Kesho yake nilirudi juu kabla hata ya kuitwa, nikamwamkia mzee, nikaomba gazeti la jana. Aliyekufa alikuwa fundi wa mitumbwi wa huko visiwani, aliyezama akijaribu kuokoa mzigo wa mtu mwingine. Habari ile ilikuwa fupi. Niliisoma kimya, halafu nikaisoma tena, nikawapa pole moyoni watu wake nisiowajua. Nikamweleza Mwalimu kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yangu yasingetosha. Aliitikia kwa kichwa.

"Hivyo hivyo," akasema. "Kuanzia leo ukimaliza aya, unasimama, unanieleza kwa Kihaya. Ukishindwa kunieleza, tunarudi mwanzo wa aya."

Ndivyo tulivyofanya msimu mzima wa kahawa na zaidi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchota maji, na sisemi hivyo kwa utani. Kasi yangu yote niliyosifiwa kwayo iliisha. Nikawa nakwama. Niligundua kwamba kuna maneno ambayo nilikuwa nayatamka miaka yote bila kujua maana yake, na kwamba yale madogo ndiyo yaliyonidanganya zaidi. Mwalimu alikuwa akisikia nikiruka neno hata kama halioni. "Hapo pana kitu umekiacha," anasema, "sentensi inachechemea." Narudi, nakuta ni "isipokuwa", au "kabla", au ile "si" ndogo inayojificha katikati ya kitenzi na kugeuza jambo lote kichwa chini.

Nikikutana na neno gumu, hakunipa maana yake mara moja. Aliniambia nisome sentensi iliyotangulia na ile inayofuata, nikisie, halafu nimwambie kwa nini nimekisia hivyo. Nikipatia alinyamaza. Nikikosea alisema, "Soma tena, usikilize." Wakati mwingine aliniuliza kama mwandishi mwenyewe alikuwepo jambo lilipotokea au alisimuliwa tu. Wakati mwingine aliuliza kama mimi naamini. Mwanzoni niliogopa swali hilo, kwa sababu nilidhani kila kilichopigwa chapa ni kweli. Ma Skolastika alikuwa akianika kahawa uani na kutusikiliza, na mara nyingine alicheka peke yake tulipogombana kuhusu neno. Baadaye alikuwa akiniletea ndizi za kuchoma, na nikimaliza kueleza aya kwa Kihaya yeye ndiye anayedakia, anataka kujua ikawaje.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Deogratias alisikia kwamba kuna madaktari wa macho wanaopasua katika hospitali moja, mbali kidogo na kwetu. Akaomba ruhusa kazini, akamchukua baba yake, wakaenda. Mwalimu alipasuliwa jicho la kulia, lile moja lililokuwa na tumaini. Wakarudi kwa basi hadi Muleba, na kutoka hapo akaletwa nyumbani kwa gari la mtu aliyewaonea huruma. Nilipofika baada ya shule nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, bandeji imefunika jicho la kulia, mabega yameinama kwa uchovu wa safari. Ndani mlikuwa na majirani wachache waliokuja kutoa pole. Ma Skolastika alikuwa anawagawia kahawa ya kutafuna. Deogratias alikuwa uani, amechemsha maji na kuyatia chumvi, ameyaweka kwenye bakuli safi yapoe.

Nikaamkia watu. Mwalimu aliposikia sauti yangu akasema, "Huyo ni Kemilembe. Deo, mpe ile karatasi anisomee."

Deogratias alikuwa mtu mpole, wala hakukasirika. "Nimeshaisoma, Tata. Jina lako lipo hapo juu, na maelekezo nimeyashika. Bandeji inaondolewa leo jioni, jicho linaoshwa kwa maji ya chumvi, halafu unaanza matone. Matone hawakutupa, nitayafuata dukani Muleba kesho asubuhi."

"Sawa," akasema Mwalimu. "Lakini ni jicho langu. Nataka kulisikia likisomwa."

Majirani wakacheka kidogo. Deogratias akatoa karatasi mfukoni, akanipa, akarudi kuangalia maji yake.

Ilikuwa karatasi moja, maneno yamepigwa kwa mashine na mengine yameongezwa kwa kalamu. Juu kabisa liliandikwa jina Ishengoma. Nikaanza kusoma kama tulivyozoea. Niliposoma kwamba mgonjwa amepasuliwa jicho la kushoto, nikasimama.

"Mwalimu," nikasema, "imeandikwa la kushoto."

"Wamekosea kuandika," Deogratias akajibu kutoka mlangoni. "Wanaandika haraka, wagonjwa ni wengi. Wao wenyewe wanajua walichopasua."

Jirani mmoja, mzee Ta Kamugisha, akaunga mkono. Alisema hata yeye cheti chake cha ubatizo kina kosa, na bado ni Mkristo. Watu wakacheka tena. Mwalimu hakucheka. Akaniambia, "Endelea."

Aya ya pili ilisema bandeji iondolewe nyumbani jioni, jicho lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, na mgonjwa aanze kutumia matone aliyopewa. Nikasoma polepole. Neno "aliyopewa" likanisimamisha. Nikamweleza kwa Kihaya: hapa wanasema matone umeshapewa, umekuja nayo.

"Hatukupewa matone," Ma Skolastika akasema. "Nimefungua mfuko mwenyewe. Kuna vidonge tu."

Deogratias akaingia ndani kabisa sasa, amesimama nyuma yangu. Nikasoma aya ya mwisho. Iliandikwa kwamba mgonjwa asiguse mshono wa kope mpaka atakaporudi kutolewa nyuzi.

Mwanangu, nitakuambia kitu ambacho sijakisahau. Nilijua maana ya kila neno katika sentensi hiyo, moja moja. Lakini sentensi yenyewe haikukubali kuingia. Zamani ningeipita, ningemaliza karatasi, ningekunja na kuirudisha, watu wangenisifu kwa kusoma vizuri. Siku hiyo nilihisi kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikarudi mwanzo wa aya. Watu wote wakawa wananingoja, na mimi nikiwa mtoto wa watu mwenye sare ya shule, nikaona aibu.

"Hapa sielewi," nikasema.

"Huelewi neno gani?" Deogratias akauliza.

"Maneno nayaelewa. Sielewi yanamhusu vipi Mwalimu." Nikamgeukia mzee kwa heshima. "Waitu Mwalimu, walikushona kope?"

Akainua mkono, akagusa juu ya bandeji kwa ncha za vidole, kwa tahadhari kubwa.

"Hapana," akasema. "Kope yangu hawakuishona. Daktari alinieleza kila alichokuwa anafanya. Alifanya kazi ndani ya jicho."

Majirani wakaacha kutafuna kahawa.

"Basi wewe msomaji unasemaje?" Mwalimu akaniuliza.

Sikutaka kusema. Nilimwangalia Deogratias, mtu mzima, mtu wa ofisi, mtu aliyenunua magazeti yale yote niliyojifunzia. Halafu nikasema nilichokuwa nimekisoma, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusema. "Jina ni lako, lakini karatasi hii si yako. Ni ya mtu aliyepasuliwa kope ya jicho la kushoto, na aliyepewa matone."

Deogratias akachukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma yote akiwa amesimama, midomo inacheza. Alipomaliza alitoka uani, nikamsikia akimwaga yale maji kwenye migomba. Alirudi akamwambia mama yake bandeji isiguswe na mtu yeyote, hata ikiwasha, hata mzee mwenyewe akiomba. Kisha akaazima baiskeli ya Ta Kamugisha akashuka nayo Muleba kutafuta usafiri wa kurudi hospitalini kabla giza halijaingia.

Tulingoja hadi kesho yake mchana. Ma Skolastika hakulala, alikaa karibu na kitanda akiushika mkono wa mumewe ili asijisahau usingizini akajikuna. Deogratias aliporudi alikuwa na karatasi nyingine. Ishengoma wa pili alikuwa mkulima wa Kanazi, naye alikuwa ametolewa uvimbe kwenye kope siku ile ile. Muuguzi alipowaandalia karatasi watu wa kuondoka alifuata jina tu, akazibadilisha bila kujua. Kwa bahati yule wa Kanazi alikuwa bado kwa ndugu zake karibu na hospitali, akapatikana. Yeye naye alikuwa ameambiwa afunge jicho asiliguse kwa siku nyingi wala asilioshe, na matone yake yalikuwa yamekaa tu kwenye mfuko, wakati kidonda chake kilikuwa kimeanza kutoa usaha.

Karatasi halisi ya Mwalimu ilisema kwamba bandeji isifunguliwe nyumbani kwa sababu yoyote, na kwamba maji yasifike karibu na jicho kabisa. Daktari alimwambia Deogratias, bila kuzunguka, kwamba kama lingefunguliwa na kuoshwa kwa maji ya bakuli jioni ile, huenda lingeoza.

Nilitegemea Mwalimu anisifu. Hakunisifu. Alimwomba Deogratias anisomee mimi karatasi mpya, halafu akaniagiza niisome tena mwenyewe kwa sauti, kisha nieleze kwa Kihaya ili Ma Skolastika aisikie, aya kwa aya. Tulipomaliza akasema tu, "Sasa leteni gazeti."

Bandeji iliondolewa hospitalini siku ilipowadia. Hakuona kama kijana, lakini aliona. Aliporudi alikuwa na miwani minene iliyomkuza jicho likaonekana kama la ng'ombe, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua sanduku lake la bati. Kuanzia hapo alisoma mwenyewe. Mimi sikuitwa tena kila siku, na nakiri nilihuzunika. Nilikuwa nimezoea kile kigoda. Lakini Ma Skolastika alikuja kuniambia faraghani kwamba na yeye anataka kujifunza, na kwamba mumewe hana subira ya kumfundisha mwanamke mwenye nywele nyeupe. Basi nikawa nakwenda kwa ajili yake. Alifika mahali pa kusoma sala na majina ya watu, na mara moja alimsomea Deogratias tangazo zima la kigango bila kusaidiwa. Aliishia hapo, na aliridhika.

Sikuja kuwa mwalimu wala muuguzi. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa huku Nyanga, nikalima, nikafuga, nikauza maharage sokoni Bukoba. Watu hudhani kusoma vizuri ni kwa ajili ya wanaokwenda mbali. Mimi sikwenda mbali, na kusoma kumenifaa karibu kila wiki ya maisha yangu. Nimewasomea majirani maelezo ya dawa za watoto na za mifugo. Nimekaa na mume wangu mbele ya mkataba wa mpaka wa shamba, nikamzuia asiweke dole gumba mpaka tuelewe mstari mmoja uliokuwa umekaa vibaya. Tuliomba uandikwe upya, ukaandikwa. Hakuna aliyenipigia makofi kwa mambo hayo, wala hayahitaji makofi.

Nakuona wewe na wenzako na simu zenu. Mnasoma mchana kutwa, pengine kuliko Mwalimu Ishengoma alivyosoma katika ujana wake. Lakini mnasoma kama nilivyosoma mimi darasa la sita. Kidole kinasukuma, macho yanateleza, mtu anatuma ujumbe kwa watu hamsini kabla hajafika mwisho wake. Juzi mmoja wenu alinisomea ujumbe kuhusu dawa ya majani inayotibu kila ugonjwa, nikamuuliza ni nani aliyeandika na amejuaje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Simlaumu. Hajawahi kuulizwa.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Soma polepole mahali ambapo jambo lina uzito, hata kama mbele yako kuna watu wanaongoja. Usiruke maneno madogo. Ukimaliza kipande, jieleze kwa lugha ya nyumbani kwenu, na kama huwezi, jua kwamba bado hujasoma. Linganisha kilichoandikwa na kilicho mbele ya macho yako. Karatasi inaweza kuwa na jina lako na isiwe yako. Uliza aliyeandika alijuaje. Na ukiwa na mtoto, usimsifu kwa kusoma haraka. Mwache amalize, halafu muulize habari ile ilihusu nini, na umngoje ajibu hata kama inachukua muda. Hata wewe utajifunza kwa kumngoja.

Zaidi ya yote, usione haya kusema huelewi. Watu wengi hujua kusoma. Wanaosimama katikati ya sentensi na kukiri kwamba haijaingia ni wachache, na mara nyingi ndio wanaowanusuru wengine bila kelele.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na kazi ya mikono yako ikulishe wewe na watakaokutegemea. Akulinde na wanaotaka usaini kwa pupa. Akupe watoto watakaokuuliza maswali usiyoyaweza, na moyo wa kutowakemea. Na siku utakapokutana na jambo usilolielewa mbele ya watu wanaokungoja, akutie nguvu ya kulisema.